Kocha mwenye cheo cha profesa: kisa cha Amos Alonzo Stagg na Chuo Kikuu cha Chicago, 1892–1932

Kisa kinahusu nini

Kocha wa kawaida huishi kwa matokeo. Akishinda anaongezewa mkataba, akifungwa anafungashiwa virago. Mwaka 1892 Chuo Kikuu cha Chicago, kilichokuwa ndiyo kwanza kinafungua milango, kilikwenda njia nyingine: kilimwajiri kocha wa futiboli ya Kimarekani kuwa mwalimu wa chuo, kikampa cheo cha profesa mshiriki, idara ya kuiongoza na ajira ya kudumu. Amos Alonzo Stagg aliongoza timu hiyo kwa misimu 41. Miaka saba tu baada ya msimu wake wa mwisho, chuo kiliifuta timu kabisa. Uchambuzi huu unafuatilia jinsi makubaliano yaleyale ya ajira yalivyoijenga timu, na jinsi yalivyoiacha bila mtu wa kuishika.

Viongozi na makocha wametajwa kwa majina, kwa kuwa maamuzi yao yako katika kumbukumbu za umma. Wachezaji wameachwa bila majina.

Kwa asiyeujua mchezo: ni watu 11 kwa 11, mpira una umbo la yai na hubebwa mikononi. Mpaka msimu wa 1905 timu ilipewa majaribio matatu kusogea yadi tano, yaani kama mita nne na nusu, na kuurusha mpira mbele kulikatazwa. Njia rahisi ya kupata yadi hizo ilikuwa kujazana katikati na kusukuma kwa wingi wa miili. Vifo na mivunjiko ya miaka ile vilianzia hapo.

Mchezaji kabla ya kuwa kocha

Stagg alizaliwa tarehe 16 Agosti 1862 huko West Orange, New Jersey, mtoto wa fundi viatu. Baada ya kusoma shule ya sekondari ya Phillips Exeter aliingia Chuo Kikuu cha Yale akikusudia kuwa mchungaji. Umaarufu wake wa kwanza ulitokana na besiboli, ambako alikuwa mrushaji. Timu za kulipwa zilimtaka, akazikataa.

Katika futiboli alicheza ukingoni mwa safu ya mbele. Mwaka 1888 Yale ilishinda mechi zote 13 kwa jumla ya pointi 698 bila kufungwa hata moja. Mwaka 1889 jina lake lilikuwamo katika orodha ya kwanza ya kikosi bora cha vyuo vya Marekani, ile iitwayo All-America.

Yale haikuwa na kocha wa mshahara. Nahodha ndiye aliyekuwa na kauli ya mwisho, akisaidiwa na waliohitimu, na juu yao wote alikuwapo Walter Camp, mtu aliyeziunda sheria nyingi za mchezo huu, akishauri jioni baada ya kazi zake za mchana. Kwa hiyo Stagg alijifunza ufundi wa hali ya juu mahali ambapo ukocha haukuwa kazi ya mtu. Vilevile aligundua kwamba hana kipaji cha mimbari. Aliacha masomo ya uchungaji, na mwaka 1890 akaenda katika chuo cha walimu wa mazoezi cha YMCA, chama cha vijana Wakristo, huko Springfield, Massachusetts, akaunda timu. Mmoja wa wachezaji wake alikuwa James Naismith, aliyebuni mpira wa kikapu Desemba 1891. Tarehe 11 Machi 1892, katika mechi ya kwanza ya kikapu mbele ya watazamaji, wanafunzi waliwashinda walimu 5–1, na kikapu pekee cha walimu kilifungwa na Stagg.

Ofa na sababu zake

William Rainey Harper alifundisha Kiebrania Yale na Stagg alikuwa mwanafunzi wake. Alipoteuliwa kuwa rais wa chuo kipya cha Chicago, alimwita. Kwa simulizi ya Stagg, Harper alianza na dola 1,500 kwa mwaka. Stagg akanyamaza akiwaza. Harper akapanda hadi 2,000 na cheo cha mhadhiri wa ngazi ya chini kidogo, kimya tena. Mwishowe akafika 2,500, profesa mshiriki, na kazi ya maisha. Hakukuwa na ujanja wa mnadani katika ukimya ule, ila matokeo yake yalikuwa yaleyale.

Harper alikuwa na fedha za John D. Rockefeller, lakini chuo chake hakikuwa na wahitimu wala historia, na magazeti hayakuwa na la kukiandika. Mechi ya Jumamosi ingekipa vyote hivyo haraka kuliko maktaba. Stagg naye alitaka kuwalea vijana kama mchungaji ambavyo angewalea, na alitaka kufanya hivyo bila kuogopa kufungwa.

Mambo matatu katika mpango huu ndiyo ya kuangaliwa. Kwanza, Idara ya Mazoezi ya Mwili na Michezo ilisimamia mambo mawili tofauti: mazoezi ya lazima kwa wanafunzi wote, na timu iliyouza tiketi. Pili, mkurugenzi aliwajibika kwa rais moja kwa moja, bila kamati ya wahadhiri yenye meno katikati. Tatu, mapato ya mlangoni yalirudi katika mikono ya idara iliyoyazalisha.

Miaka ya kujenga, 1892–1904

Chuo kilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1892. Wachezaji waliojitokeza walikuwa wachache hivi kwamba Stagg aliingia uwanjani mwenyewe, na wapinzani wa mwanzo walikuwa shule za sekondari na timu za YMCA. Ardhi ya uwanja ilitoka kwa mfanyabiashara Marshall Field, na uwanja ukaitwa kwa jina lake mpaka ulipobadilishwa kuwa Stagg Field. Hatua ya kwanza ya kifedha ilikuwa kuuzungushia uzio, kwa maana bila uzio hakuna kiingilio.

Mwaka 1893 yeye na Henry Williams, mwenzake wa Yale, walitoa kitabu cha michoro ya mbinu, jambo lililompa sauti kitaifa. Mwaka uliofuata timu ilipanda treni zaidi ya kilomita 3,000 hadi California: siku ya Krismasi iliifunga timu ya Chuo Kikuu cha Stanford, iliyokuwa chini ya Walter Camp yuleyule, 24–4 mjini San Francisco, na siku chache baadaye ikafungwa 12–0 mjini Los Angeles. Safari ya aina hiyo kwa timu ya miaka mitatu ilikuwa tangazo la chuo, na Harper alilijua hilo.

Mwaka 1896 vyuo saba, Chicago, Illinois, Michigan, Minnesota, Northwestern, Purdue na Wisconsin, viliunda muungano ambao leo unaitwa Big Ten. Chicago ilitwaa ubingwa mwaka 1899. Kisha ilikaa miaka sita bila ubingwa mwingine, wakati Michigan ya Fielding Yost ikiwakanyaga wote. Kocha wa mkataba wa msimu asingevumiliwa miaka sita. Stagg hakuguswa.

Alichokifanya katika ukame huo ni kutafuta chanzo cha wachezaji. Kuanzia 1902 alialika wanariadha wa sekondari kuja kushindana katika uwanja wa chuo kila mwaka. Kijana alilala chuoni, alikutana na wachezaji, aliona majengo. Hakuna aliyenunuliwa, na hakuna aliyeondoka bila kujua kwamba anatakiwa. Kama mbinu ya kusajili, ilikuwa miaka mingi mbele ya wenzake.

1905: ushindi na moshi wake

Tarehe 30 Novemba 1905, siku ya Shukrani, Chicago iliikaribisha Michigan ambayo haikuwa imefungwa katika mechi 56. Mpango wa Stagg ulitegemea mguu. Majaribio matatu kwa yadi tano dhidi ya ukuta wa Michigan yangezaa kidogo, basi ni afadhali kuupiga mpira mbali na kuwaacha wapinzani waanzie karibu na goli lao. Kipindi cha pili teke moja lilivuka hadi ndani ya eneo la goli la Michigan. Mpokeaji wao aliamua kutoka na mpira badala ya kulala chini. Alipata yadi chache, akakutana na wakabaji wawili, akasukumwa nyuma hadi ndani. Kwa sheria za wakati ule kusukumwa kulihesabika: pointi 2 kwa Chicago. Mechi iliisha 2–0.

Mwezi huohuo mfululizo wa makala katika jarida la Collier's ulivishutumu vyuo vya Magharibi ya Kati, Chicago ikiwamo, kwa kuwaingiza na kuwabakiza wachezaji wasio na sifa za kitaaluma. Nyota aliyepiga mateke katika mechi ile alimaliza miaka yake yote ya kucheza na hakupata shahada. Kwa mtu aliyeingia kazini akisema ukocha ni huduma ya kiroho, hili ndilo doa zito kuliko kipigo chochote. Halikuwa bahati mbaya: aliyemtaka mchezaji, aliyesimamia idara na aliyekuwa na sikio la rais walikuwa mtu mmoja.

Wakati huo vifo vya wachezaji nchini vilikuwa vimemfanya Rais Theodore Roosevelt awaite Ikulu wawakilishi wa Harvard, Yale na Princeton tarehe 9 Oktoba 1905. Kwa msimu wa 1906 sheria zilibadilika: yadi 10 badala ya tano, na pasi ya mbele ikaruhusiwa. Stagg alikuwa katika kamati ya sheria tangu 1904. Pasi hiyo ilikuwa na masharti makali. Ikidondoka bila kuguswa na mtu, mpira uliwaendea wapinzani, na mrushaji alipaswa kuwa angalau yadi tano kando ya mahali mpira ulipoanzia. Makocha wengi waliona hatari wakaiacha. Chicago iliifanyia mazoezi kwa bidii na mwaka huohuo ikaifunga Illinois 63–0.

Wahadhiri wa muungano nao walikutana mwanzoni mwa 1906 wakapitisha mambo mazito: mechi tano tu kwa msimu, mchezaji asizidi miaka mitatu, wa mwaka wa kwanza wasicheze, na makocha wateuliwe na vyombo vya chuo kwa utaratibu wa kawaida na mshahara wa wastani. Michigan ilikataa, na mwaka 1908 ikajitoa. Kwa Chicago kifungu cha ajira hakikuwa na uchungu, kwa sababu kocha wake alikuwa mwalimu tayari. Ratiba fupi pia iliifaa, maana chuo chenye wanafunzi wachache huumia zaidi msimu unaporefuka na majeruhi kuongezeka. Ubingwa ulikuja 1907, 1908 na 1913.

Pigo la kweli lilikuwa jingine. Harper alifariki kwa saratani tarehe 10 Januari 1906. Ule mkono uliotia saini makubaliano, na uliojua mambo ambayo hayakuandikwa, haukuwapo tena.

Kushuka taratibu, 1924–1931

Ubingwa wa mwisho ulikuwa 1924, kwa ushindi mara tatu na sare tatu ndani ya muungano. Sare moja ilikuwa dhidi ya Illinois, iliyokuwa na mkimbiaji hatari kuliko wote nchini. Stagg hakujaribu kumzuia. Aliagiza timu yake ibaki na mpira, isonge yadi tatu nne kwa kila jaribio kupitia katikati, ili yule bwana asimame pembeni akitazama. Bado alifunga mara tatu, matokeo yakawa 21–21. Ni mfano mzuri wa kocha mzee akitumia vizuri silaha chache alizobakiwa nazo.

Baada ya hapo Chicago haikusimama tena. Vyuo vya serikali za majimbo vilikuwa vimekua kwa maelfu ya wanafunzi na vilikuwa na shahada za elimu ya mazoezi zilizowavuta vijana waliotaka kuwa makocha. Chicago haikuwa nayo, na masomo yake yalikuwa magumu. Majukwaa yaliongezwa katika miaka ya 1920 hadi kubeba watu takriban 50,000, wakati kikosi kinapungua nguvu. Kujenga viti kwa kutegemea mapato ya timu inayoanza kushindwa ni kosa ambalo vyama vya michezo hulirudia kila kizazi.

Jambo la watu lilikuwa kubwa zaidi. Fritz Crisler alikuwa amecheza chini ya Stagg, kisha akawa msaidizi wake katika miaka yote hiyo ya 1920. Aliijua idara kuliko mtu yeyote. Lakini ajira ya kudumu ya mkubwa ina maana kwamba kiti hakina tarehe ya kuwa wazi. Mwaka 1930 Crisler aliondoka kwenda Minnesota.

Uamuzi wa 1932

Robert Maynard Hutchins alikuwa rais tangu 1929, akiwa na miaka 30. Hakuwa adui wa Stagg binafsi, ila aliamini kwamba chuo ni mahali pa akili na hakina deni kwa futiboli. Mfumo mpya wa masomo wa 1931 ulionyesha anakotaka kwenda.

Tarehe 16 Agosti 1932 Stagg alitimiza miaka 70, umri ambao walimu walipaswa kustaafu. Aliomba aendelee. Hutchins alikataa, akampa kazi nyingine ya ushauri na uhusiano. Stagg aliikataa: alitaka kufundisha uwanjani, si kukaa ofisini. Sheria ilikuwa wazi. Kinga iliyomlinda miaka 40 ilimlinda kama profesa, na kama profesa ikamtoa.

Chuo kiligawa kazi yake mara mbili. T. Nelson Metcalf alichukua ukurugenzi wa michezo na Clark Shaughnessy akachukua timu. Mgawanyo huu ulikuwa sahihi na ulikuwa umechelewa kwa miaka 20.

Yaliyofuata

Stagg alikwenda College of the Pacific huko Stockton, California, akafundisha 1933 hadi 1946. Mwaka 1943, akiwa na miaka 81, makocha wenzake walimchagua kocha bora wa mwaka. Novemba 1938 alirudi Chicago na timu yake na kuifunga timu yake ya zamani 32–0. Kisha alifanya kazi pamoja na mwanawe katika Chuo Kikuu cha Susquehanna, Pennsylvania, 1947 hadi 1952, na baadaye akafundisha upigaji mateke Stockton mpaka alipoacha kabisa mwaka 1960. Ushindi wake 314 ulikuwa rekodi ya makocha wa vyuo mpaka 1981. Alifariki tarehe 17 Machi 1965, akiwa na miaka 102.

Chicago haikuokolewa hata na mchezaji wake aliyepata tuzo ya kwanza ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo, mwaka 1935. Msimu wa 1939 ilifungwa 61–0 na Harvard, 61–0 na Ohio State, 46–0 na Illinois, na 85–0 na Michigan. Kocha wa Michigan siku hiyo alikuwa Fritz Crisler. Desemba chuo kilifuta timu. Mwaka 1946 kilijitoa katika muungano kilichousaidia kuuanzisha.

Uchambuzi

Usalama wa ajira ulifanya kazi yake vizuri sana katika mambo mawili: uvumilivu na ubunifu. Miaka sita ya 1899 hadi 1905 ilitumika kujenga chanzo cha wachezaji, kazi ambayo haionekani katika msimamo wa ligi. Na mwaka 1906, pasi ya mbele ilipokuwa kamari, aliyeweza kuicheza ni yule ambaye kipigo kimoja kisingemfukuzisha.

Kilichoharibika hakikuwa ajira ya kudumu yenyewe. Tatizo lilikuwa vitu vilivyofungwa pamoja nayo. Kocha yuleyule alihitaji wachezaji, alisimamia idara, alipokea mapato na alikuwa na njia ya mkato kwa rais. Chini ya Harper mpangilio huo uliitwa ufanisi. Harper alipoondoka, ukawa ngome isiyo na mlango: wahadhiri hawakuwa na pa kushika kuirekebisha, na Hutchins alipofika hakukuwa na mtu mwingine yeyote chuoni aliyejiona ana hisa katika timu. Idara isiyokaguliwa na wenzake haina wa kuitetea siku mbaya ikifika.

Kuhusu 1932, tunaona Hutchins alikuwa sahihi juu ya umri na alikosea juu ya muda. Tarehe ya miaka 70 ilijulikana tangu siku ya kuajiriwa. Ilihitaji hesabu tu. Mazungumzo yangefanyika 1927, Stagg alipofikisha 65, Crisler alikuwa bado yupo jengoni. Kumtaja kuwa mrithi, kumpa timu Stagg akibaki mkurugenzi kwa miaka mitano, kungegharimu mshahara mmoja wa ziada. Inawezekana Chicago ingeacha futiboli hata hivyo, maana hesabu ya wanafunzi ilikuwa dhidi yake, lakini isingeiacha baada ya 85–0.

Anayeandika mkataba wa kocha katika chuo au shule anaweza kuanzia hapo. Cheo cha ualimu na kazi ya timu viwe barua mbili, ili moja iweze kuisha bila kuigusa nyingine. Sifa za mchezaji kusajiliwa na kuendelea kucheza zithibitishwe na ofisi ya masomo, kwa saini ya mtu asiyewajibika kwa kocha. Kiingilio kiingie kwa mhasibu wa chuo, na idara ipewe bajeti, ikiwa na haki ya kubakiza sehemu inayotajwa kwa asilimia. Msaidizi mkuu aandikiwe lini nafasi itajadiliwa. Na kazi mbadala ya kocha anayezeeka ikubaliwe naye angali na nguvu, iwe ya uwanjani kama ndiko anakotaka. Stagg alithibitisha baadaye, huko Stockton, kwamba angeweza kuwafundisha vijana kupiga teke akiwa na miaka 90 na ushee. Chicago ilimpa meza.